ALAMA KWENYE FILAMU: TUTAFUTE CHANZO KABLA YA KUTUPA

Somo la vikundi. Lisomwe kwa sauti, kidogo kidogo, katika mikutano miwili au mitatu. Mwenye filamu zilizoharibika azilete.



Somo la leo ni kwa wale wanaopiga picha kwa filamu nyeusi-na-nyeupe na kuiosha wenyewe nyumbani. Najua wengine watauliza, "Filamu ya nini siku hizi, na kila mtu ana simu?" Swali ni zuri. Simu ni rahisi, hatukatai. Lakini simu ikianguka majini ama ikiibwa, mara nyingi picha zote zimekwenda nayo. Filamu iliyooshwa vizuri inakaa. Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948. Alitunza negativu zake masandukuni, na mwaka 1994 picha zake zilionyeshwa Paris. Watu waliopigwa picha wakiwa vijana, wengine walikuwa wamekufa zamani, lakini nyuso zao zilikuwapo safi kabisa.

Basi kazi hii ina faida. Taabu yake ni kwamba filamu inatoka mbali, Uingereza au Jamhuri ya Cheki, na bei yake si mchezo. Filamu moja ikiharibika, ni pesa ya kikundi imemwagika. Na wakati mwingine kinachomwagika ni zaidi ya pesa.

FILAMU YA MZEE

Kikundi chetu kilianza kwa kamera mbili kuukuu na mashine ya kukuzia picha iliyokuwa imelala stoo ya kanisa. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuwapiga picha wazee wote wa kijiji, mmoja mmoja, mbele ya nyumba yake.

Mzee mmoja tulimpiga picha nne. Alivaa koti lake la harusi, akakaa kwenye kiti cha miguu mitatu, akakataa kucheka. Filamu tuliiweka tukingoja pesa ya dawa mpya. Pesa haikupatikana. Wiki ya tatu mzee akafariki. Watoto wake wakaja: "Tafadhali, ile picha. Hatuna nyingine ila ile ndogo ya kitambulisho."

Usiku huo tukaiosha filamu kwa dawa ile ile ya zamani. Ilipotoka kwenye tanki, yote ilikuwa na ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji. Tena penye picha mbili za mzee palikuwa na mabaka mazito ya kijivu. Kijana mmoja akasema, "Imekufa hii." Mwingine akamwambia, "Ni wewe uliyeiviringisha vibaya." Yule naye akajibu kwamba dawa iliharibiwa na wenzake. Kabla ya saa nne tulikuwa hatusemezani. Tulikuwa tunamtafuta mwenye kosa badala ya kulitafuta kosa.

Mama mmoja wa kikundi, ambaye hajui sana mambo ya picha, ndiye aliyetusaidia. Alishika ile filamu pembeni, akauliza: "Sasa mwalimu, hii imeharibika kabisa, ama bado haijaiva?"

Haijaiva! Hilo ndilo lilikuwa jibu. Nitawaambia mwisho wake huko mbele. Kwanza tujifunze kuuliza kama mama huyu.

1. TUJUE FILAMU INAVYOIVA

Filamu ni plastiki iliyopakwa utando mwembamba wenye chumvi za fedha. Upande wa plastiki unang'aa. Upande wa utando umefifia kidogo. Mwanga ukigusa utando unaacha alama isiyoonekana kwa macho.

Dawa ya kwanza, yaani divelopa, inageuza sehemu zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Kisha maji, au siki nyeupe kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, yanasimamisha kazi hiyo. Dawa ya pili, yaani fiksa, inaondoa chumvi zote zilizobaki ili filamu iwe angavu na isiharibiwe tena na mwanga. Mwingereza John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba dawa ya namna hii huyeyusha chumvi za fedha, na hadi leo tunategemea ugunduzi huo. Mwisho tunasuuza na kuanika.

Jambo moja mlishike sana: negativu ni kinyume. Kilicho cheusi kwenye negativu kitakuwa cheupe kwenye picha ya karatasi. Kilicho wazi kwenye negativu kitakuwa cheusi. Mtu akikuambia, "Picha yangu ina doa jeusi," usitafute doa jeusi kwenye filamu. Tafuta doa lililo wazi.

2. MASWALI MATANO YA KUIULIZA ALAMA

Daktari mzuri hatoi dawa kabla ya kuuliza maswali. Shikeni filamu kwa kingo zake, mkaitazame dirishani au mbele ya karatasi nyeupe yenye mwanga. Mkiwa na kioo cha kukuza, vizuri zaidi. Kisha ulizeni:

(a) Namba za pembeni zinasemaje? Kila filamu ina namba na maandishi pembeni yaliyowekwa na kiwanda kwa mwanga. Yanatokea tu divelopa ikifanya kazi. Kama filamu haina picha lakini namba ni nyeusi na wazi, divelopa haina hatia: filamu haikupata mwanga, labda haikushika vizuri kwenye kamera ikawa haisogei. Kama hakuna picha wala namba, na filamu ni angavu tu, divelopa ilikuwa imekufa au mlianza na fiksa. Kama yote ni nyeusi ti, mwanga uliingia kabla ya fiksa.

(b) Alama ni nyeusi, ni wazi, au ni ya juu juu tu? Iinamishe filamu huku na huku kwenye mwanga. Alama ya juu juu inang'aa au inaonekana kama vumbi la chokaa. Hiyo mara nyingi inaondoka.

(c) Iko ndani ya picha tu, ama inatoka hadi kwenye vitundu vya pembeni? Ikiishia kwenye mpaka wa picha, ilipitia kwenye lenzi au shata ya kamera. Ikivuka mpaka hadi pembeni, iliingia kwa mlango mwingine: mgongo wa kamera, mkebe wa filamu, au wakati wa kuosha.

(d) Inajirudia? Ikiwa mahali pale pale katika kila picha, shuku kamera. Ikifuata ukingo mmoja wa filamu toka mwanzo hadi mwisho, shuku tanki. Ikiwa mstari mrefu ulionyooka, kuna kitu kilikwaruza filamu ikipita.

(e) Iko upande gani, wa plastiki au wa utando? Upande wa plastiki una nafuu. Upande wa utando ndiko iliko picha yenyewe, na jeraha la huko halifutiki.

Andikeni majibu kwenye daftari kabla mtu yeyote hajasema "ni fulani."

3. ALAMA MOJA MOJA

Madoa ya maji
Sura: viduara vyeupe-vyeupe au mistari kama ya machozi, mara nyingi upande unaong'aa. Kwenye picha ya karatasi huwa madoa meupe.
Chanzo: maji yenye chumvi na chokaa. Tone likikauka, maji huenda lakini chumvi hubaki. Wale wanaotumia maji ya kisima cha kuchimbwa wanaijua hii. Tazama tu sufuria ya chai jinsi inavyofanya ganda jeupe ndani.
Tiba: msisugue. Loweka filamu tena kwa dakika kumi katika maji safi, suuza, anika upya. Madoa ya upande wa plastiki kwa kawaida huisha. Yale ya upande wa utando pengine yataacha pete, kwa sababu utando ulikauka bila usawa.
Kinga: maji ya mwisho yawe ya mvua. Acheni mvua ya kwanza ioshe mabati, mkinge inayofuata. Yachemsheni, yapoe, myachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Ndani yake tieni dawa ya kutelezesha maji kama karatasi yake inavyosema. Kama hamna, tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa nusu lita linasaidia. Nasema tone moja. Mkitia kijiko, mtapata madoa ya sabuni badala ya madoa ya chokaa.

Vitone vya hewa
Sura: vitone vidogo vya mviringo vilivyo wazi kwenye negativu. Kwenye karatasi huwa vitone vyeusi, na hasa vinasumbua vikiwa angani au usoni mwa mtu.
Chanzo: mapovu ya hewa yaliganda kwenye filamu, divelopa haikufika pale.
Tiba: hakuna. Mnaweza tu kukwangua taratibu kwenye karatasi ya picha.
Kinga: kila mara mkimaliza kupindua tanki, ligongeni chini mara mbili tatu, pole pole, juu ya meza. Mapovu yatapanda. Hii ni kazi ya sekunde mbili na haina gharama yoyote.

Michirizi kutoka kwenye vitundu
Sura: michirizi myeusi inayoingia ndani ya picha ikianzia kwenye vitundu vya pembeni. Kwenye karatasi ni michirizi myeupe, hasa mbinguni.
Chanzo: kutikisa tanki kwa nguvu kama mtu anayetikisa kibuyu cha maziwa. Divelopa hupita kwa kasi kwenye vitundu na kuivisha sehemu hizo zaidi.
Kinga: pindua tanki juu chini mara nne katika sekunde kumi za kwanza, kisha mara nne mwanzoni mwa kila dakika. Pindua kwa utulivu, ukizungusha mkono kidogo. Halafu liache limetulia. Lakini msiliache kabisa bila kulipindua, maana hiyo nayo huleta mawingu-mawingu kwenye picha.

Utepe uliofifia kwenye ukingo mmoja
Sura: ukingo mmoja wa filamu, toka picha ya kwanza hadi ya mwisho, umefifia. Kwenye karatasi ukingo huo ni mweusi zaidi.
Chanzo: divelopa ilikuwa kidogo, haikufunika rili yote. Watu hubania dawa, na hiyo ni hasara.
Kinga: kabla ya kuanza, someni chini ya tanki kiasi kinachotakiwa. Matanki mengi ya plastiki hutaka kama mililita 300 kwa filamu moja ndogo ya milimita 35, na 500 kwa filamu pana ya namba 120. Jaribuni kwa maji matupu mchana, mwone kama rili imezama.

Alama za mwezi mchanga
Sura: kialama kilichopinda kama mwezi wa siku mbili, mara nyingi cheusi.
Chanzo: filamu ilikunjwa kwa kidole ikiwekwa kwenye rili gizani. Mtu anapambana, anasukuma, filamu inavunjika mgongo.
Tiba: hakuna.
Kinga: rili iwe kavu kabisa, maana filamu hukwama kwenye unyevu. Kata pembe mbili za mwanzo wa filamu ziwe za mviringo. Ikikwama usisukume. Irudishe nyuma kidogo, anza tena. Jasho la mikono likizidi ndani ya mfuko wa giza, funga filamu ndani ya tanki kwanza, toa mikono uikaushe. Fanyeni mazoezi na filamu iliyoharibika: kwanza mkitazama, kisha mkiwa mmefumba macho, mwisho gizani. Asiyeweza akiwa amefumba macho asipewe filamu ya kikundi.

Ukungu wa maziwa na mabaka ya kijivu
Haya ni magonjwa mawili yanayofanana, na ndiyo yaliyoikamata filamu ya mzee.
Ukungu wa maziwa kwenye filamu yote maana yake fiksa haikumaliza kazi. Imechoka, au muda ulikuwa mfupi. Tiba ipo: irudisheni filamu kwenye fiksa mpya upesi, msiiweke juani, maana chumvi zilizobaki zitazidi kubadilika kwa mwanga. Itasafika mbele ya macho yenu.
Mabaka mazito yenye umbo lisiloeleweka ni ya namna nyingine. Hapo mzunguko mmoja wa filamu uligusana na mwingine kwenye rili, wala divelopa haikufika, wala fiksa. Mkirudisha kwenye fiksa baka litakuwa wazi, lakini picha haitakuwapo, kwa sababu haikuiva tangu mwanzo. Kwenye karatasi hapo patakuwa peusi.
Kinga: pimeni fiksa kabla ya kila kazi. Chukueni kipande cha ulimi wa filamu, kile cha mwanzo kinachokatwa, mkakitumbukize kwenye fiksa mchana kweupe. Hesabuni sekunde mpaka kiwe angavu. Filamu yenyewe ikae angalau mara mbili ya muda huo. Fiksa ikiwa mpya andikeni muda wake kwenye chupa. Siku muda ukifika mara mbili ya ule wa upya, fiksa hiyo imestaafu. Msiilazimishe.

Mikwaruzo mirefu
Sura: mstari mwembamba ulionyooka, ukifuata urefu wa filamu.
Chanzo: chembe ya mchanga kwenye mdomo wa mkebe wa filamu, au ndani ya mgongo wa kamera, au vidole na kitambaa mlivyotumia kukamua maji.
Tiba: mkwaruzo mwepesi upande wa plastiki unaweza kufichwa wakati wa kukuza picha. Mafundi wa zamani walikuwa wakipaka mafuta kidogo sana ya pembeni mwa pua yao kwa kidole safi, mkwaruzo ukajaa, mwanga ukapita sawasawa. Msicheke, inafanya kazi. Baadaye futeni. Mkwaruzo uliochimba utando hauna dawa.
Kinga: safisheni ndani ya kamera kwa brashi laini. Mikebe isitembee mfukoni pamoja na sarafu na mahindi ya kukaanga. Na filamu iliyoloa isipanguswe kwa kitu. Iacheni ichuruzike yenyewe.

Mwanga ulioingia pasipotakiwa
Sura: wingu jeusi kwenye negativu, mara nyingi likitoka hadi pembeni.
Chanzo: kamera kuukuu zina sponji nyembamba kwenye mlango wa nyuma. Ikizeeka inakuwa kama lami na kumomonyoka. Au mfuko wa giza umetoboka. Au kifuniko cha tanki hakikufungwa mpaka mwisho.
Kinga: ingieni chumba cha giza mchana, mkae dakika tano bila kufanya kitu. Macho yakizoea, kila tundu litaonekana kama nyota. Zibeni. Sponji ya kamera inaweza kubadilishwa kwa uzi mweusi wa sufi uliobandikwa vizuri kwenye mfereji wake.

Vumbi, vidole na radi
Vumbi lililoganda kwenye negativu huleta vitone vyeupe kwenye karatasi. Anikeni mahali pasipo upepo, mnyunyize maji sakafuni kwanza, mfunge mlango, mbanie kibanio cha nguo chini ya filamu isijikunje. Watoto, kuku na wapishi wakae mbali mpaka asubuhi.
Alama ya kidole iliyo wazi kwenye negativu inatuambia kwamba aliyeviringisha filamu alikuwa ameshika fiksa. Ikiwa nyeusi, pengine alishika divelopa. Naweni mikono, mkaushe, ndipo mguse filamu.
Na mkiona matawi meusi kama radi ya usiku, hiyo ni stima ndogo inayotokea filamu ikirudishwa kwa haraka sana ndani ya kamera wakati wa kiangazi kikavu. Zungusheni pole pole.

4. JOTO LA MAJI

Vitabu vingi hupima kila kitu kwa nyuzi 20. Huko Limuru asubuhi maji yanaweza kuwa chini ya hapo, na Pwani mchana yakapita 28. Joto likipanda filamu huiva upesi. Kadirio la kusaidia: punguza karibu sehemu moja ya kumi ya muda kwa kila digrii moja iliyozidi. Kwa mfano, filamu ya Ilford HP5 Plus katika dawa ya ID-11 isiyoongezwa maji hutaka dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 itakuwa kama dakika 5. Muda ukishuka chini ya dakika 5 ni vigumu kupata usawa, kwa hiyo poesheni dawa kwanza.

Hamna friji? Mtungi wa udongo uliolowa, ukiwekwa kwenye kivuli na upepo, unapoza maji vizuri. Kisha wekeni chupa zote, divelopa, siki, fiksa na maji ya kusuuza, ndani ya karai moja lenye maji hayo kwa nusu saa. Zote zitakuwa na joto moja. Kutoa filamu kwenye dawa ya moto na kuiingiza kwenye maji baridi ghafla kunaweza kupasua utando ukawa kama tope lililokauka. Filamu za siku hizi zinavumilia zaidi kuliko za zamani, lakini msizijaribu.

5. KUSUUZA KWA MAJI MACHACHE

Watu husema, "Sisi hatuna mfereji, tutasuuzaje nusu saa?" Kuna njia inayopendekezwa na Ilford, kwa fiksa isiyo na dawa ya kukaza utando. Jaza tanki maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, pindua mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, pindua mara 20, mwaga. Basi. Maji chini ya lita moja na nusu yametosha, pamoja na yale ya mwisho ya mvua. Mkikosa kusuuza vizuri, mabaki ya fiksa yataendelea kula picha polepole miaka ijayo, nanyi hamtajua mpaka siku picha inapotafutwa.

6. USALAMA

Hizi dawa si za kunywa na chupa zake zisifanane na za kunywa. Hakuna kuweka divelopa kwenye chupa ya soda, hata kwa siku moja. Andikeni jina kwa herufi kubwa, mfungie juu mbali na watoto. Karai na jagi za picha zisirudi jikoni tena. Vaeni glavu. Fungueni dirisha mkimaliza. Msichanganye dawa hizi na dawa ya kung'arisha nguo. Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake na ni sumu kwa viumbe wa majini. Isimwagwe mtoni, wala karibu na kisima, wala shambani. Iwekeni kwenye jerikeni yenye jina, mkaulize ofisi ya mazingira ya kaunti jinsi ya kuiondoa.

7. MWISHO WA HABARI YA MZEE

Usiku ule, baada ya swali la mama, tulipima fiksa kwa kipande cha filamu. Dakika tano zilipita, kipande bado ni cheupe. Tukafungua daftari: hakuna aliyeandika fiksa ile ilitumika mara ngapi. Kosa halikuwa la kijana mmoja. Lilikuwa la daftari tupu, na daftari ni la wote.

Asubuhi mtu alipanda matatu kwenda mjini akaleta fiksa mpya kwa pesa ya mfuko wake. Tuliirudisha filamu dakika kumi. Ukungu ukaondoka kama umande jua likitoka. Picha mbili za mzee zilikuwa na mabaka. Moja imepoteza nusu ya uso, nyingine mkono na kiti. Hizo hazikurudi. Lakini mbili zilibaki safi kabisa, moja yao ile anayotazama kamera moja kwa moja, na vifungo vya koti vinahesabika. Tulipeleka picha hiyo kwa watoto wake siku mbili kabla ya mazishi. Binti yake mkubwa aliishika muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza kama anaweza kupata nyingine, ya ndugu yake aliye mbali. Kwa sababu negativu ilikuwapo, ilikuwa kazi ya jioni moja.

Na wale vijana wawili? Sasa mmoja anaviringisha filamu, mwingine anaandika daftari. Wiki inayofuata wanabadilishana.

Ndugu zangu, katika Injili ya Luka sura ya 15 tunasoma habari za mwanamke aliyepoteza sarafu moja. Hakumgombeza mtu. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii mpaka akaiona. Na sisi tufanye hivyo: kwanza taa, halafu ufagio, halafu bidii.

KAZI YA KIKUNDI

1. Kila mtu alete filamu moja yenye alama. Gawanyikeni wawili wawili, myajibu yale maswali matano, kisha mwelezee kikundi. Wengine wabishe kwa adabu.
2. Tengenezeni daftari lenye safu hizi: tarehe, aina ya filamu, dawa imetumika mara ngapi, joto, dakika, aliyeviringisha, aliyeosha, alama zilizoonekana.
3. Pimeni fiksa yenu leo. Andikeni sekunde kwenye chupa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Picha ya karatasi ina vitone vyeusi vya mviringo angani. Kwenye negativu vitaonekanaje, na mtazuiaje visitokee tena?
2. Filamu imetoka angavu, haina picha, lakini namba za pembeni ni nyeusi. Mtamuuliza nini aliyeshika kamera?
3. Katika miradi yenu mingine, ya kuku, ya ushonaji, ya akiba, ni lini mlimtafuta mwenye kosa mkasahau kulitafuta kosa? Daftari lingesaidiaje?

Bwana aibariki kazi ya mikono yenu. Na kabla hamjatupa filamu yoyote, kumbukeni kuuliza: imeharibika kabisa, ama bado haijaiva?